Fungu la Yatima katika Wosia Wetu

Hotuba ya komite ya Caritas ya parokia, iliyosomwa mbele ya wakristu na wageni katika siku za Jubilei, Mudzipela (Bunia)



Padri Paroko alipogawa masomo ya siku hizi za Jubilei, wengine walipewa kusimulia mwanzo wa parokia, wengine nyimbo na liturujia, wengine maisha ya ndoa. Sisi wa Caritas tukapewa wosia. Mmoja wetu aliuliza kama watu waliokuja kwa sherehe watapenda kusikia habari za kifo na za kugawa mali. Lakini tulipofikiri vizuri, tuliona kwamba somo hili lina haki yake katika Jubilei. Kwani Jubilei katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, haikuanza kama siku ya ngoma. Ilikuwa mwaka wa kurudisha: shamba lililouzwa kwa ajili ya shida lirudi kwa jamaa yake, mtu aliyejiuza kwa ajili ya deni arudi nyumbani kwake. Ulikuwa mwaka ambao mali yenyewe inaulizwa maswali. Sisi nasi tunataka kuiuliza mali yetu swali moja: siku tutakapoiacha, itakwenda kwa nani, na kati ya hao wote, je, yumo hata mtoto mmoja asiye wa nyumba yetu?

Wote tunajua namna kilio kinavyokwisha katika mitaa yetu. Siku za kwanza watu ni wengi, moto unawaka uani usiku kucha, shirika linasali Rozari, kila mmoja anasema maneno mazuri juu ya marehemu. Kisha siku ya kuondoa matanga inafika, na wakubwa wa ukoo wanakaa peke yao nyuma ya nyumba. Pikipiki inakamatwa na mmoja, mabati yaliyowekwa akiba yanakamatwa na mwingine, hati za parseli zinatafutwa chini ya godoro. Mama mjane anaulizwa franga ziko wapi, machozi yake hayajakauka. Watoto wenyewe wanagawanywa kama vyombo: mkubwa aende kwa baba mdogo, wasichana waende kwa shangazi, mdogo abaki na bibi. Hatusemi kwamba kila ukoo unafanya hivi. Tunao mababa wadogo na wajomba waliolea watoto wa ndugu zao kwa heshima kubwa, na wengine wao wako hapa. Lakini jambo hili tumeliona mara nyingi mno kuweza kulinyamazia.

Na marehemu, alipokuwa hai, naye alikuwa na maneno mema. Alisema mbele ya majirani kwamba ile mikalitusi yake ya kule bondeni itakuja kulipa masomo ya watoto wasio na wazazi. Alisema kwa moyo safi. Lakini hakuandika, na hakuwaambia ndugu zake. Miti ikakatwa, mbao zikauzwa, na mtoto aliyetazamiwa kusaidiwa hakujua hata kwamba mtu alimfikiria.

Kwa nini hatuandiki? Tunasikia sababu nyingi. Kuna wanaosema kuandika wosia ni kujiitia kifo. Wengine wanaogopa kwamba mrithi atakayejua fungu lake ataona haraka ya kulipokea. Wengine tena wanasema wosia ni jambo la Wazungu na la wafanya biashara wakubwa. Juu ya sababu ya kwanza, tukumbuke habari ya mfalme Hezekia. Nabii Isaya alimwendea katika ugonjwa wake, akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, kwani atakufa. Naye Hezekia akasali, akapona, akaishi miaka 15 tena. Mtu anayeezeka nyumba yake wakati wa jua haiiti mvua. Mvua inakuja yenyewe, kwa siku yake.

Tuseme sasa juu ya watoto wenyewe. Sisi watu wa Bunia hatuna haja ya kufundishwa yatima ni nani. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 vilituachia watoto ambao leo ni watu wazima, wengine nao wana watoto wao. Kisha, tangu mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017, machafuko ya Djugu yalileta wengine tena, waliofika mjini kwa miguu, wamebebana, wakalala chini ya mahema na maturubai pembeni ya mji. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, iliyo La Haye huko Uholanzi, ilipotoa hukumu yake ya kwanza kabisa, tarehe 14 mwezi wa tatu 2012, hukumu hiyo ilikuwa juu ya watoto wenye umri chini ya miaka 15 walioingizwa katika jeshi na kutumiwa vitani katika Ituri hii yetu. Dunia nzima ilitafuta pahali pa kuanzia haki ya namna hiyo, nayo ikaanzia kwa watoto wetu. Hilo si jambo la kujivunia.

Wazee wetu walikuwa na sheria nzuri: mtoto hawi yatima wakati ukoo uko hai. Baba akifa, yuko baba mdogo. Mama akifa, yuko mama mdogo. Chakula kikipungua, jungu linaongezwa maji. Lakini sheria hiyo ilitaka ukoo uwe na kijiji, mashamba na mifugo. Vita vilipochoma kijiji na kutawanya mifugo, vilikata shina lenyewe. Yatima wa zamani alikuwa na ukoo. Yatima wa vita mara nyingi ukoo wake nao ni yatima. Bibi mwenye miaka 70 analea wajukuu 6 katika chumba kimoja. Mjane anaongeza watoto wa dada yake juu ya wake mwenyewe. Masista wanapokea mtoto mlangoni pasipo kujua kesho atakula nini. Mtoto wa namna hiyo hawezi kungoja fungu la ukoo, kwani hakuna la kugawa. Atapata fungu kwa mtu asiye wa damu yake, ama hatapata.

Na hapa lazima tuseme neno ambalo katika mji wetu linauma. Mtu anaweza kukubali kuacha kitu kwa yatima, kisha akauliza polepole: yatima wa kabila gani? Tunalielewa swali hilo. Anayeuliza pengine alizika watu wake. Hatumhukumu. Lakini fungu linaloandikwa kwa yatima wa kabila moja tu, katika Bunia, linarudia hesabu ile ile iliyowafanya wawe yatima. Mtoto wa miaka 4 hakuchoma nyumba ya mtu.

Sasa tunapenda kuwapeleka mbali kidogo, kwa wakristu wa Afrika ya zamani, maana swali la mali na watoto walilijua kabla yetu. Mtakatifu Agustino alikuwa Askofu wa Hipo, mji ambao leo unaitwa Annaba, katika Algeria. Watu wake walimnung'unikia kwamba anakataa urithi unaoachiwa Kanisa. Agustino aliwajibu katika mahubiri kwamba hapokei mali ya baba aliyewanyima wanawe kwa sababu amewakasirikia. Anayetaka kufanya hivyo atafute askofu mwingine. Akawasifia mwenzake Aurelio, Askofu wa Kartago. Mtu mmoja asiye na watoto, wala tumaini la kupata, alitoa mali yake yote kwa Kanisa akabaki na matumizi yake tu. Baadaye akapata watoto. Aurelio akamrudishia mali yote pasipo yeye kuomba. Kwa sheria Askofu angeweza kuishika. Mbele ya Mungu aliona haiwezekani.

Lakini Agustino hakuishia kukataa. Aliwafundisha namna anayoikubali. Mwenye mtoto mmoja, alisema, amhesabu Kristu kuwa wa pili. Mwenye wawili amhesabu kuwa wa tatu. Mwenye kumi amfanye wa kumi na moja. Fungu la namna hiyo Agustino alilipokea kwa furaha.

Tunaomba mlishike jambo hilo, maana ndilo tulilokuja kusema. Hatumwombi mtu awanyang'anye watoto wake ili awape yatima. Huyo angeongeza yatima mmoja ili kumsaidia mwingine. Tunaomba mtu akae na familia yake, ahesabu watoto wake, kisha ahesabu mmoja zaidi.

Je, sheria ya nchi yetu inaruhusu hesabu hiyo? Inaruhusu, lakini kwa mpaka. Tuweke mfano wa baba mwenye ng'ombe 12 walio wake hasa, baada ya mke wake kutengewa lile lililo lake katika mali waliyochuma pamoja. Baba huyo anakufa pasipo wosia, akiacha watoto, mke, wazazi na ndugu. Sheria ya Familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inagawa hivi: robo tatu za urithi ni za watoto, yaani ng'ombe 9. Robo inayobaki inafanywa mafungu matatu yaliyo sawa: la mume au mke aliyebaki, la baba na mama wa marehemu, na la ndugu na dada zake. Kwa hiyo ng'ombe 1 kwa mjane, 1 kwa wazazi, 1 kwa ndugu na dada wote pamoja.

Rudieni hesabu hiyo polepole mkifika nyumbani. Ndugu wote pamoja, ng'ombe mmoja. Katika vilio vyetu mara nyingi ni kinyume: ndugu wanakamata 9, na watoto wanaachiwa mmoja aliye mgonjwa.

Watoto wanaosemwa hapo ni wana na mabinti sawasawa. Hilo nalo si geni: katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Zelofehadi walisimama mbele ya Musa na kudai fungu la baba yao aliyekufa bila mtoto mwanamume, na Mungu akasema wana haki. Tena ni watoto waliozaliwa katika ndoa, na waliozaliwa nje ya ndoa lakini baba akawatambua kisheria akiwa hai, na wale aliowachukua kuwa wake kwa sheria. Baba aliye na mtoto pahali fulani ambaye hajamtambua, huyo ana kazi ya kufanya kabla ya kufikiria yatima wa wengine. Na mjane asiogope kufukuzwa siku ya matanga: sheria inampa haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake.

Turudi kwa ng'ombe. Yule baba anataka kumwongeza yatima. Ng'ombe wa yatima hawezi kutoka katika wale 9, kwani robo tatu hizo sheria inazilinda, na wosia hauwezi kuzigusa. Atatoka katika wale 3. Nanyi mnajua ni nani wanaowangojea wale 3. Mjane hatumgusi, hilo ni shauri letu, na tunalisema kwa nguvu. Wazazi wazee, ni vigumu kuwagusa. Basi wanabaki ndugu. Hapo ndipo ugumu wote ulipo, wala si katika karatasi. Fungu la yatima mara nyingi ni lile ambalo ndugu yako alilihesabu kuwa lake. Ukiliandika kwa siri, siku ya matanga utakuwa umemwachia yatima ugomvi pamoja na ng'ombe. Naye mtoto hawezi kushindana na watu wazima. Kwa hiyo mwenye kuandika awaite ndugu zake akiwa bado na nguvu, awape chakula, awaambie kwa kinywa chake: jambo hili nimelitaka mwenyewe, na sababu ni hii. Watakasirika, pengine. Ni afadhali wakukasirikie wewe unayeweza kuwajibu.

Kwa kuandika kwenyewe, sheria inatambua njia tatu. Ya kwanza na ya nguvu zaidi ni kwenda kwa notere, au kwa ofisa wa eta-sivili wa pahali unapokaa, yule anayeandika vizazi, ndoa na vifo. Unasema nia yako, yeye anaiandika na kuitia muhuri. Njia hiyo inamfaa hata asiyejua kusoma. Ya pili ni kuandika mwenyewe kwa mkono wako, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ukaweka tarehe na sahihi, na kusema wazi kwamba huo ni wosia. Mtoto wako msomi asikuandikie ili wewe utie sahihi tu. Mkono uwe wako. Na karatasi isikae peke yake chini ya godoro. Mtu mwingine mwaminifu ajue iko wapi.

Njia ya tatu ni maneno ya kinywa wakati kifo kinapokaribia, mbele ya mashahidi wawili walau, watu wazima. Wengi wanaitegemea hiyo, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Sheria inaikubali kwa mambo machache tu, kama vile mazishi, ulezi wa watoto wadogo na zawadi ndogo. Tena mgonjwa akipona na miezi mitatu ikapita, maneno yale yanakufa. Mashahidi nao wanakufa, au wanahama, au wanabadili maneno.

Juu ya parseli tunaongeza neno moja. Kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, udongo ni wa Serikali; mtu ana haki ya kuutumia, kufuatana na hati alizopewa. Hawezi kumwachia yatima haki asiyo nayo yeye mwenyewe. Wengi wetu tumekaa miaka 30 juu ya parseli yenye karatasi ya muuzaji tu. Wakristu hao waanze na ofisi ya udongo, wosia utafuata.

Na fungu liandikwe kwa jina la nani? Msiandike "kwa yatima wa Bunia" mkaishia hapo. Siku hiyo kila mmoja atakuja na mtoto mkononi. Andikeni jina la kazi ya watoto mnayoifahamu, pahali ilipo, na neno la matumizi: kwa masomo, kwa chakula, kwa dawa. Hakikisheni kwamba kazi hiyo ina hati za Serikali, kwani mashirika yasiyotafuta faida yanaongozwa na sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001, na shirika lisilo na utu wa kisheria litashindwa kushika mali mbele ya tribinali. Nendeni kulitembelea kabla ya kuliandika. Tazameni watoto wanakula nini, wanalala wapi, wanakwenda shule au hapana. Ulizeni pia kama wanatafutiwa jamaa zao, maana nyumba nzuri ya yatima inafurahi mtoto akipata familia ya kumpokea. Msiandike jina la mtu binafsi, hata akiwa padri au sista mnayempenda. Padri anahamishwa, sista anahamishwa, na wote wana warithi wao katika ukoo.

Tumefika pahali pa kusema na Mapadri wetu, na tunasema kwa heshima. Wakristu wanaogopa kwamba kitu kilichoachwa kwa watoto kitaishia katika rangi ya kanisa au matairi ya gari la parokia. Woga huo upo, ni afadhali usemwe hapa kuliko njiani. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imekwisha kulijibu. Kifungu cha 1267 kinataka sadaka iliyotolewa kwa nia fulani itumiwe kwa nia hiyo tu. Kifungu cha 1300 kinadai nia ya waamini waliotoa au kuacha mali kwa kazi za wema itimizwe kwa uangalifu kabisa, na kifungu cha 1301 kinamweka Askofu kuwa msimamizi wa nia hizo, mwenye haki na wajibu wa kuulizia namna zilivyotimizwa. Kisha kuna kifungu cha 1299, kinachotuhusu sisi waamini: anayeacha mali kwa faida ya Kanisa afuate taratibu za sheria ya nchi kadiri inavyowezekana, kama hazikufuatwa, warithi waonywe kwamba wana wajibu wa kutimiza nia ya marehemu wao. Yaani hata tribinali ikikataa karatasi, dhamiri ya mrithi haifunguliwi. Tunaomba jambo hilo lifundishwe katika mashirika, kwani wakristu wengi hawajawahi kulisikia. Tunaomba vilevile kwamba mgonjwa aliye kitandani asisumbuliwe na mtu yeyote juu ya mali yake saa ya Sakramenti.

Kazi moja inabaki: kumtaja yule atakayetimiza wosia. Sheria inamwita likidatere. Ndiye anayekusanya mali, analipa madeni, anakabidhi mafungu. Msimchague kwa sababu ni mkubwa wa ukoo tu. Mchagueni mtu ambaye mlimkopesha franga akazirudisha.

Tumesema andikeni jina la kazi mnayoifahamu. Lakini kazi nazo zinazaliwa na kufa, na wosia hauoni mbele. Juu ya hilo tunayo habari ya kweli kutoka Marekani. Katika mji wa Philadelphia alikuwako tajiri wa benki, mkatoliki, Francis Drexel, aliyekufa mwaka 1885. Aliacha mali ya dolari zaidi ya milioni 15. Sehemu ya kumi aliitoa mara moja kwa kazi za huruma alizozitaja kwa majina. Faida ya mali iliyobaki aliwapa mabinti zake watatu, akaandika kwamba wakifa pasipo kuacha watoto, mali yenyewe irudi kwa kazi zile zile. Binti yake Katharine akawa mtawa. Mwaka 1891 alianzisha shirika la masista kwa ajili ya watoto wa Wahindi Wekundu na wa watu Weusi, waliofungiwa milango ya shule wakati huo, na kila mwaka akatumia fungu lake kuwajengea shule. Aliishi kuliko dada zake. Alipofariki mwaka 1955, wosia wa baba yake ulifuatwa neno kwa neno: mali ikaenda kwa kazi zilizotajwa mwaka 1885. Masista wa Katharine hawakupata kitu, kwa sababu shirika lao halikuwako siku baba alipoandika. Katharine alitangazwa mtakatifu mwaka 2000. Hata utakatifu wake haukuweza kubadili karatasi.

Baba yule hakukosa. Aliandika vizuri kwa siku yake. Sisi ambao mambo yetu yanageuka kwa mwaka mmoja tu, tuutoe wosia wetu sandukuni na kuusoma upya kila baada ya miaka michache, kwa mfano katika Kwaresima. Na tuongeze daima jina la pili: kama kazi hii imekwisha, basi ile nyingine.

Mtaniambia, asema mzee mmoja moyoni mwake, kwamba hizo ni milioni za Amerika. Ni kweli. Basi tumtazame Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, huko Ufaransa. Alihuzunishwa na habari za watoto wa China waliokufa pasipo msaada wala ubatizo, naye mwaka 1843 akawaomba watoto wa Ufaransa mambo mawili: Salamu Maria moja kila siku, na senti moja kila mwezi. Alikufa mwaka uliofuata, 1844. Kazi yake haikufa naye. Ndiyo Shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo Papa Pius XI alilifanya la Kipapa mwaka 1922, na ndilo hilo ambalo sanduku lake linapitishwa mbele yetu. Watoto wetu wa Kizito-Anuarite wanaotoa franga zao ndogo wanamrithi askofu ambaye hawajasikia jina lake.

Kwa hiyo fungu la yatima linaweza kuwa ng'ombe, linaweza kuwa kodi ya chumba kimoja kwa miaka miwili, linaweza kuwa mavuno ya kahawa ya msimu mmoja au mbao za mistari miwili ya mikalitusi. Kwa maoni yetu, mwenye kidogo afadhali atoe nusu sasa, akiwa hai na akimwona mtoto anakwenda shule, na nusu aiandike.

Mama mmoja alituuliza, tulipokuwa tunatayarisha maneno haya, kama mwanamke naye anaweza kuandika, au ni lazima amngoje bwana wake. Anaweza. Mali aliyo nayo kwa haki yake ni ya kuandikiwa wosia kama ya mwanamume. Mama huyo ana mashine ya kushona aliyoinunua kwa kuuza unga sokoni. Ameamua kwamba atakapofariki, binti zake watagawana vitambaa, vyombo na akiba, nayo mashine itakwenda kwa kazi ya masista wanaofundisha ushoni wasichana wasio na wazazi. Binti zake wamekubali; mmoja wao alinuna siku mbili. Juma lijalo wanakwenda pamoja naye kwa ofisa wa eta-sivili.

Sisi wa komite tutakaa nyuma ya kanisa kesho baada ya Misa ya kwanza, kwa wale wenye maulizo. Mje na hati za parseli, kama mnazo.